Sabufa Iliyomtemea Mama

Shoga, nimenawa mpaka ngozi inauma na kinyaa bado hakijanitoka.

Si unaijua sabufa yetu ndogo? Leo shemeji yako kaleta nyingine, jitu zima la mtumba, lililokaa stoo ya watu miaka. Nikamwambia alifungue alisafishe kwanza. Kanijibu, "Besi haisafishwi, inaunganishwa."

Kaunganisha zote mbili. Na mama yangu, aliyekuja kututembelea, kaketi mbele ya lile jitu na chai yake. Mkwewe, shoga!

Muziki unalia, besi hakuna. Sabufa mbili, besi hakuna! Kumbe hazipatani: hili likisukuma hewa, ile ndogo inaivuta, zinamezana. Yeye anaongeza sauti tu. Anaongeza!

Mama, na upole wake: "Baba, hebu zima hiyo ndogo."

Akazima.

Besi ikaja yote kwa mkupuo. Lile tundu la mbele, la kupumulia, likatema. LIKATEMA! Mende wakavu, mavi ya panya, kiota kizima cha manyoya, vyote mapajani kwa mama. Na kwenye chai. Kwenye chai, shoga, na alishaipeleka mdomoni!

Nilitapika, sikufichi.

Mama anatazama mguu wa mende unavyoelea kikombeni.

Shemeji yako kasimama na kitambaa, kumpangusa mkwewe mapaja hathubutu, kuondoka hawezi. Nikajua sasa ataomba radhi.

Unajua kasema nini?

"Lakini Mama, besi si umeisikia?"