Gambuti Zenye Kiraka Chekundu

Alhamisi, jioni. Mvua ilianza saa nane kama kawaida yake na haijaonyesha nia ya kwenda kwao. Maharagwe yako ndani ya kikapu cha joto, yanajiivia bila moto, na mimi nimekaa kando yake na roho mbaya ya hali ya juu.

Naandika kabla haijapoa. Roho, si maharagwe.

Kwa aliyeingia hapa leo kwa mara ya kwanza: mimi ni mhudumu wa afya ya jamii huku upande wa Kimulot. Napita nyumba kwa nyumba nikiuliza kama mtoto amechanjwa, kama choo kina mlango, kama nyanya anameza dawa zake. Wiki hii tumeongezewa kazi nyingine. Tumefundishwa kushauri watu wapike kwa kuni kidogo na watumie stima kidogo. Masomo yalikuwa ya siku nne katika ukumbi wa kanisa, na mkufunzi ni kijana mmoja mpole tunayemwita Mwalimu Kirui. Majina yote humu nimebadilisha. Gambuti sijabadilisha.

Jumatatu kulikuwa na matope mpaka magotini, kwa hivyo nilienda na gambuti za mume wangu. Ni nyeusi, na ya kulia ina kiraka chekundu alichokata kwenye tyubu ya mpira wa mwanetu Brian akakibandika mwenyewe. Kiraka hicho unakiona ukiwa ng'ambo ya mto.

Mwalimu Kirui akawasha projekta. Akasema, "Kabla hatujafika tunakoenda, tuone tunakotoka." Picha ikajaa ukutani.

Jiko moja jeusi. Mafiga matatu. Kuni mbichi zinalia povu. Sufuria ya bluu inachemka wazi, kifuniko chake kimeenda kufunika pipa la maji. Dirisha limezibwa kwa gunia. Na kando ya moto, zikikauka polepole, gambuti mbili, ya kulia ikiwa na kiraka chekundu.

Lilikuwa jiko langu.

Watu walicheka. Si kicheko kibaya, ni kile cha darasani, cha kumshukuru Mungu kwamba si wewe. Akinyi wa pale zahanati, aliyekaa karibu nami, akaninong'oneza, "Wueh! Hapa mtu anapika ama anakausha samaki?" Nikacheka pamoja naye. Huku nikicheka nikarudisha miguu chini ya benchi, pole pole, mpaka visigino vikagusa ukuta.

Miguu haikutoka huko siku nzima.

Chai ya saa nne ilinipita hivyo, na andazi lake. Akinyi aliniuliza, "Mama Brian, mbona huji chai?" Nikamwambia nafunga. Akaniuliza nafunga nikiombea nini. Nikamwambia nitamweleza maombi yakijibiwa.

Aliyepiga picha hiyo ni mtu mmoja tu, na alikuwa amekaa mstari wa mbele, shingo imenyooka kama ya bata anayevuka barabara. Mama Purity. Ndiye kiongozi wetu sisi wahudumu. Mwezi uliopita mgongo ulinilaza, akaja kunijulia hali. Nilimwona mtu wa maana sana. Akasema nisiamke, yeye mwenyewe ataingia jikoni atuwekee chai. Akaingia. Akakaa huko muda, nikamwonea huruma kwa ajili ya zile kuni mbichi. Chai ikaja, tukanywa, akaniombea, akaenda. Kumbe alikuwa amebeba jiko langu lote ndani ya simu.

Alimwambia Mwalimu Kirui kwamba mwenye jiko amekubali. Hilo nililisikia kwa masikio yangu, kwa sababu Mwalimu alimshukuru mbele yetu, "na huyo mama aliyekubali, popote alipo." Popote alipo! Alikuwa hapo, anaumwa na visigino.

Ningeweza kusimama niseme. Nimelifikiria hilo. Lakini kazi yangu yote ni kuingia jikoni kwa watu na kuwaambia kitu. Nani atanisikiliza akijua kwamba mwalimu wake ndiye yule wa kukausha samaki? Kisha Mwalimu akatangaza kwamba Alhamisi kutakuwa na wageni: chifu, wazee wa kijiji, na mabwana zetu pia wanakaribishwa. Picha hiyo itaonyeshwa tena, halafu itachapishwa kwa bango kubwa lizungushwe mpaka Kapkatet na Kaplong.

Mume wangu anazijua gambuti zake.

Basi nilikuwa na Jumanne na Jumatano.

Jumanne tulifundishwa namna ya kuingia nyumba ya mtu. Mwalimu Kirui ana utaratibu wake, na nitausema hapa kwa sababu ndio ulionipa silaha. Kwanza unabisha hodi. Pili unasifu kitu, na sifa iwe ya kweli. Tatu unauliza swali. Ushauri unakuja mwisho, na ukiombwa unaonyesha kwa vitendo. "Usimwaibishe mwenye nyumba hata kidogo," alisema, huku nyuma yake jiko langu likiwa limesimama ukutani. Nilitazama shingo ya Mama Purity. Haikupinda.

Halafu akatangaza kwamba Jumatano mazoezi yataanzia kwa Mama Purity kisha yaende nyumba za jirani, kwa sababu nyumba yake ndiyo ya mfano. Alijengewa lile jiko jipya la udongo, lenye bomba la moshi, kabla ya mvua za masika.

Sasa mimi shamba langu la chai liko juu, mgongoni mwa kilima, na boma la Mama Purity liko chini yangu. Mtu anayechuma chai asubuhi hana la kutazama isipokuwa moshi wa wenzake. Mimi nausoma kama wengine wanavyosoma gazeti. Najua nani amechelewa kuamka, nani ana wageni, nani amegombana na mumewe na leo hapiki. Na bomba la Mama Purity, tangu lijengwe, halijawahi kutoa moshi hata wa kusingiziwa. Juu yake kuna kopo la mafuta ya kupikia limefunikwa mvua isiingie, jua likitoka linang'aa. Moshi wa pale hutoka nyuma ya zizi la ng'ombe.

Jumanne jioni nilikuwa na furaha ambayo Mkristo hapaswi kuwa nayo.

Jumatano tukafika. Mwalimu akauliza ni nani ataanza zoezi. Nikainua mkono kabla hajamaliza swali. Nilikuwa nimevaa viatu vya kanisani, na matope nikayaacha yafanye yanavyotaka.

Nikabisha hodi. Tukakaribishwa. Jiko lilikuwa limepakwa chokaa, limefunikwa kitambaa cheupe cha kufumwa kama kochi la sebuleni, na juu ya kitambaa kuna chupa ya maua ya plastiki. Kando yake, matawi makavu ya mchai yamekatwa yote urefu mmoja, yamepangwa kama penseli.

Nikasifu. "Mama Purity, mimi tangu nizaliwe sijaona jiko la kuni lisilo na hata chembe ya masizi."

Ilikuwa sifa ya kweli. Mwalimu Kirui aliitikia kwa kichwa, akaandika kitu.

Nikauliza swali. "Na huchukua muda gani kuchemsha chai, dada?"

"Ah, hiyo?" akasema. "Ukigeuka tu, tayari."

"Wacha tugeuke basi!" Akinyi akasema. "Na hii baridi yote!"

Sikumtuma Akinyi. Ningempa andazi langu la mwaka mzima.

"Vizuri kabisa," Mwalimu akasema. "Tuwashie, mama, tuone kwa vitendo."

Mama Purity akanitazama. Hapo ndipo alipojua kwamba najua, na mimi nilimpa tabasamu la mhudumu wa afya, lile la kusubiri mtoto ameze dawa. Akaondoa maua. Akakunja kitambaa mara mbili, tatu, nne. Akawasha.

Moshi ulipanda kwenye bomba, ukakuta kopo, ukarudi kutusalimia.

Mtu akikwambia kisasi hakina harufu, mwambie kina harufu ya mchai unaoungua. Watu walitoka mlangoni wawili wawili. Mwalimu Kirui alitoka machozi yakimtiririka, akiendelea kufundisha: "Hii inaonyesha... hii inaonyesha..." Akinyi alikuwa ameshika ukuta, sijui ni kukohoa au kucheka. Ndani alibaki Mama Purity peke yake, kitambaa cheupe puani, akipepea kwa kifuniko cha sufuria na kusema kwa sauti, "Ni upepo! Ni upepo wa leo tu!"

Nilisimama mlangoni nikapiga picha. Ilitoka safi.

Baada ya hapo nikasema, kwa unyenyekevu, kwamba labda huko juu kuna kitu. Mwanamume mmoja akapanda akatoa kopo. Na sasa nikiri jambo linaloniudhi: lile jiko ni zuri. Moshi ulifuata bomba kama umeitwa kwa jina, na chai ya watu wote ikachemka kwa kuni za kushika mkono mmoja. Nilikunywa vikombe viwili. Jiko zuri namna ile, na lilikuwa linatunzwa kama sahani za wageni.

Wengine wakinywa, nilizunguka nyuma ya zizi. Kulikuwa na kibanda. Mafiga matatu, ukuta mweusi, dirisha limezibwa gunia. Gunia la aina ile ile! Nilipogeuka, Mama Purity alikuwa nyuma yangu.

"Mama Brian, hiyo picha futa."

"Picha gani, dada?"

"Usinichezee. Nimekuona."

"Yangu ikitoka kwa projekta, na yako itatoka kwa simu."

Akavuta pumzi. "Mimi nilikuwa nasaidia masomo tu."

"Hata mimi nasaidia masomo."

Kuku mmoja alipita katikati yetu, akatutazama, akaamua kwenda zake. Mama Purity akasema, "Sawa." Hakusema pole. Nilisubiri kidogo, labda ingekuja. Ilikuja mvua.

Leo ndiyo leo. Ukumbi ulijaa. Chifu mbele, wazee nyuma yake, na mume wangu karibu na mlango, kwa gambuti zake, kiraka kikiwaka. Mimi nilikuwa kando ya Akinyi, miguu nimeirudisha tena chini ya benchi. Mwalimu Kirui akawasha projekta. Ukutani kukatokea jiko la kuchorwa kwa mkono, mchoro tu, halina mwenyewe.

Nilinyoosha miguu. Niliinyoosha mpaka ikagusa kiti cha mbele.

Lakini hapo ndipo niliposhindwa kuwa mtu mzuri. Mwalimu akaeleza kwamba kulikuwa na picha ya jiko la kweli, ila ameiondoa, na kwa bango pia haitachapishwa, kwa sababu kiongozi wetu alimwendea jana jioni akamkumbusha heshima ya mwenye nyumba. "Huu ndio moyo tunaoutaka," akasema. "Tumpigie makofi."

Tukampigia makofi. Chifu alipiga. Mume wangu alipiga, kwa nguvu, anapenda makofi. Hata mimi nilipiga. Mama Purity aliinama kidogo, mkono kifuani, kama mtu aliyeokoa mtoto majini.

Nilipata nilichotaka, na bado ninahisi nimeibiwa. Je, nilitaka picha itoke, au nilitaka yeye arudishe miguu chini ya benchi, siku nzima, bila chai? Najua jibu. Silipendi, lakini nalijua.

Nilifuta picha mbele yake, kama tulivyosema. Mimi hutimiza neno. Simu nayo ina tabia yake: kilichofutwa hukiweka kwenye pipa mwezi mzima kabla ya kukitupa. Sikuiunda mimi.

Jioni hii nimefika nyumbani nikatoa gunia dirishani. Kifuniko nimekirudisha kwenye sufuria yake, pipa la maji nimelitafutia ubao. Mume wangu ameuliza jiko limepatwa na nini. Nimemwambia ni masomo. Mwanga ulioingia umenionyesha masizi ambayo sikujua ninayo, na nikajua kwamba picha ile, Mungu anisamehe, ilikuwa ya kweli. Hilo sitamwambia yeyote isipokuwa ninyi.

Kabla hatujaachana, Mwalimu Kirui aligawa nyumba za kufuatilia. Kila mhudumu lazima arudi kwa nyumba aliyofanyia zoezi, akaone kama ushauri umeshika.

Nyumba yangu ni ya Mama Purity.

Nitaenda wiki ijayo, pipa la simu likiwa bado limejaa. Asubuhi nitakuwa shambani kwanza, nitazame moshi unatokea wapi. Kisha nitateremka, nitabisha hodi, nitasifu. Na hata kama jua litawaka, nitavaa gambuti.