Vitambaa Nilivyovifua

Nyumba ya geti la kijani,
Nyuma ya karakana ya seremala.
Jumapili asubuhi.

Mpendwa mjukuu wangu, mke mwenzangu,

Miaka sita! Miaka sita, binti, kana kwamba nyumba hii ina ugonjwa wa kuambukiza. Hata babu yako, mume wetu sote wawili, tumemzika miezi mitatu iliyopita bila wewe kuonekana. Ulituma salamu kwa simu ya shangazi yako. Salamu hazibebi jeneza.

U mzima lakini? Unakula? Kile kifua kilichokuwa kikikubana ukikata nyasi kavu, kimepona? Mimi sijambo, ila magoti yananitukana kila nikiinuka. Anayeshika kalamu ni fundi cherehani, jirani yetu, maana unajua mimi na herufi hatujawahi kusalimiana. Maneno ni yangu. Nimemkataza kuyapiga pasi.

Basi, nimemaliza kukugombeza. Sasa ni zamu yangu ya kugombezwa. Kaa chini usome.

Unayakumbuka yale madumu mawili ya stoo. Babu yako hakujua kusoma, kama mimi, kwa hiyo alifunga kitambaa shingoni mwa kila dumu: cheupe kwa mbolea ya maji, chekundu kwa dawa ya kuulia majani yanayoota kwenye njia za mawe. Madumu yenyewe yalifanana kama mapacha. Miaka yote ile aliyotunza bustani za watu, hakuwahi kukosea.

Wiki ile ya harusi ya binti wa daktari wa meno, niliingia stoo nikaviona vitambaa vimeshika uchafu, hujui kipi chekundu kipi cheupe. Nikavifungua, nikavifua, nikavianika. Jioni nikavirudisha. Nilivirudisha kinyume, mjukuu wangu. Cheupe nilikifunga kwenye sumu.

Fundi ameacha kuandika, ananitazama. Nimemwambia, "Andika, mama, usinitolee macho."

Asubuhi ukachukua dumu la kitambaa cheupe kama ulivyofundishwa, ukajaza bomba, ukanyunyizia bustani nzima ya yule daktari. Siku ya nne ukoka ukageuka rangi ya gunia. Harusi ikafanyika juu ya nyasi zilizokufa, na babu yako akafukuzwa getini mbele ya wageni. Ulimwapia, "Babu, haki ya Mungu, nilishika la kitambaa cheupe!" Akakujibu kwamba mikono yako ni ya kuua, usiguse tena kifaa chake. Ukafunga begi.

Na mimi nilikuwa wapi? Jikoni, nachambua mchele niliokwisha kuuchambua. Nilijua tangu ulipotaja kitambaa. Usiku nikavirudisha vitambaa mahali pake, nikanyamaza. Nilidhani hasira zake zitapoa kwa wiki moja, nawe utarudi, mambo yaishe bila mtu kunitazama vibaya. Wiki ikawa mwezi, mwezi ukawa mwaka, na kila nilipotaka kufungua mdomo niliona aibu ya kuchelewa imekuwa kubwa kuliko kosa lenyewe.

Nilimwambia alipokuwa hawezi tena kuinuka kitandani. Aligeukia ukutani kutwa nzima, uji ukapoa. Kisha akasema, "Bibi wewe, ungenipiga fyekeo la kichwa ningeumia kidogo." Akalia. Sikuwahi kumwona akilia kabla ya hapo, hata siku ile mashine ya nyasi ilipomkata kidole. "Mtoto aliniapia," akawa anarudia. "Mtoto aliniapia."

Siku ya pili akaomba atolewe nje kwenye kiti. Seremala alikuwa akikata nyasi zetu za mbele, kama alivyofanya tangu babu yako augue. Babu yako akamzuia kwa mkono. Ukanda mmoja, kutoka getini mpaka chini ya dirisha la chumba chako, akakataza usiguswe. "Huo una mwenyewe," alisema. Seremala akamtania kwamba leo Bwana Nyasi ameacha mtu na nywele nusu kichwa. Hakucheka. Siku kumi na moja baadaye akatutoka.

Nyasi za ukanda ule sasa zinafika magotini. Wapita njia wanasema mjane wa mtunza bustani ameshindwa na bustani. Waseme. Nimemfukuza kila aliyekuja na fyekeo, hata mjomba wako, nilimrushia kandambili. Lakini mvua zimeanza, nyasi zinalala, nami naogopa nitamfuata mwenzangu kabla hujaziona. Sikuombi msamaha kwa barua. Njoo unigombeze mwenyewe, uso kwa uso. Nitakaa kimya, na unajua kwangu hiyo ni adhabu kubwa.

Shangazi yako anakusalimu, bado anaongea peke yake akipika. Mjomba wako anakusalimu, na kandambili yangu hajairudisha. Seremala anauliza kama bado unapiga mluzi ukisukuma toroli. Fundi naye anakusalimu. Hapo wino ulipotapakaa ni yeye, mimi nimejikaza. Mungu akulinde huko uliko, akupe riziki yenye amani, akurudishe mlangoni kwangu ukiwa mzima.

Ni mimi bibi yako akupendaye, niliyekukosea.

Halafu sikiliza. Ukifika usibishe hodi, wala usianze na shikamoo. Vifaa viko nyuma ya mlango wa stoo, nimevipaka mafuta kwa mkono wangu. Anza na fyekeo, maana nyasi zimekuwa ndefu, kisha upitishe mashine. Kata ukanda wako kutoka getini mpaka dirishani. Nitakuwa nimekaa chumbani kwako, nasikiliza. Mashine ikinyamaza, gonga kioo, nitafungua.