Maua ya Mlangoni pa Choo

Shauri Moyo

Ayuma mjukuu wangu,

Nani alikufundisha kusimama nyumbani kwangu, mbele ya mgeni, uniulize eti jina langu ni nani? Mimi niliyekufunga nepi? Ukauliza tena nimeishi hapa tangu lini, kana kwamba wewe ulilelewa kwingine. Hujambo lakini? Kifua kimepoa? Huku hatujambo, goti tu ndilo linanisumbua.

Ile ripoti ya utafiti wako uliyotuma tuisome kabla haijatoka imefika. Hapo umefanya vizuri, maana waliokutangulia walituuliza maswali wakapotea na majibu yetu. Waruguru, jirani yangu wa mlango wa pili, alitusomea kanisani. Alisoma vizuri mpaka akafika upande wetu wa nyumba. Hapo imeandikwa kwamba choo chetu kiko sawa, na wakazi wamepanda bustani ya kupendeza, kwa hivyo kaunti iombwe ianze kutengeneza mabomba ya majitaka kwingine. Adongo, jirani tunayetumia naye choo hicho, akauliza bustani gani. Wakanigeukia mimi, wote, hata pasta.

Sasa nisikilize, na usicheke. Uliposema unakuja na mwalimu wako Wahome, nilikuwa nimeshatangaza mtaa mzima kwamba mjukuu wangu ni mtu mkubwa huko chuo kikuu. Halafu aje akute choo kimefurika mpaka nje? Nikaamuru wanawake wamwage mchanga, wafunike ule mlango kwa pazia la Waruguru la Krismasi, na mbele yake wapange maua ya kanisa, na makopo yake. Mlipotupa simu tupige picha za shida zetu, mimi nikapiga maua. Wahome akayasifu sana. Nikamwambia asante.

Maua yamerudi kanisani. Uchafu uko palepale, na kitinda mimba wa Adongo anaharisha tangu Jumapili. Nimewaambia wanawake kosa ni langu. Wamenisamehe, isipokuwa Waruguru, anayengoja kwanza pazia lake litakate.

Msalimie Wahome, umwambie mimi sina bustani. Jumamosi njoo peke yako, usitangaze, na uvae gambuti. Utalala kwangu, na asubuhi utapanga foleni ya choo hicho pamoja na sisi. Kisha keti na Adongo na Waruguru muandike upya, majina yao yakae juu pamoja na lako, na karatasi hiyo isipelekwe kaunti mpaka isomwe tena hapa, kwa sauti, mbele yetu sote.

Ni mimi kukhu wako,
Annah