Hoya ya Barazani Isisogezwe

Jumatatu, 8 Mei

Hoya ya barazani, ule mmea wangu wa maua unaotambaa, imetoa matumba! Miaka minne majani tu, leo shada zima, madogo kama vichwa vya kiberiti. Ningning mjukuu wangu ndiye aliyeniletea, kipande cha majani matatu. Alisema kanunua. Ni aina gani? Majani yanafanana, hata mimi ninayeziuza sokoni siwezi kuapa. Mpaka ua lichanue.

Leo mwanamke kaniletea maiti ya hoya kwenye chungu. Eti alimwagilia kila siku. Nikamwambia hoya siyo mpunga! Makumbi ya nazi inamopandwa yaachwe yakauke kwanza. Kanunua nyingine. Ataiua pia.

Jumatano, 10 Mei

Ningning kasema kweli. Hakununua. Alipewa na Doray!

Doray mdogo wangu, tumbo moja, na miaka kumi na moja hatusemezani. Eti ni hoya ya Mama. Uongo! Ya Mama ilikufa. Mwisho wa sala za siku tisa za msiba wa Mama nilikuta kisiki tu, na Doray kashika kisu. Nikamwita muuaji mbele ya watu wote, sahani za tambi mikononi. Akasema mizizi imeoza, kakata sehemu ya juu iliyo bado hai aiokoe. Nikamfukuza.

Mtoto mzima kanidanganya miaka minne. Nimemgombeza hadi kalia. Harusi yake karibu, na analia.

Jumapili, 14 Mei

Ua la Mama lilikuwa jekundu la damu ya ng'ombe. Harufu ya sukari iliyoungua. Mtaani hakuna mwingine aliyekuwa nalo.

Likichanua jekundu, Doray alisema kweli. Na kama mizizi ilioza — nani alimwagilia? Mimi. Asubuhi na jioni, siku zote tisa. Sikujua mikono niipeleke wapi.

Basi. Siandiki zaidi.

Alhamisi, 18 Mei

Berting wa mahema kaja kupima baraza. Harusi ni Jumamosi ya tarehe 27, hapahapa nyumbani. Na Doray kaalikwa, bila kuniuliza!

Berting anataka chungu kiondoke, nguzo ya hema ipite pale.

"Bibi, kachungu kamoja tu!"

Nikamwambia hoya yenye matumba haisogezwi. Ukiigeuza tu upande inayamwaga yote. Akacheka, eti ina deko kuliko bibi harusi. Mjinga. Meno yenyewe manne.

Jumatatu, 22 Mei

Nimewaza jambo baya.

Nikinyamaza tu, Berting atakisogeza. Matumba yataanguka. Sitajua rangi, wala Doray hatakuwa na cha kunionyesha, na lawama ni ya fundi wa hema! Mimi nitalia kidogo mbele za watu, basi.

Nimekishika chungu kwa mikono miwili. Nimekinyanyua kwenye ndoano, kidogo. Nikakirudisha vilevile. Nimeyahesabu matumba: kumi na tisa, yote yapo. Nikaingia ndani kwa kunyata kama mwizi wa kuku.

Jumatano, 24 Mei

Moja limeanguka. Moja! Ni mimi. Sikula wali wala samaki. Yaliyobaki yamevimba, yamefumba.

Ijumaa, 26 Mei

Berting kaja na watu wanne na mabomba ya nguzo za hema. Nimeweka kiti chini ya hoya, nimekaa. Daftari gotini.

Ningning kanibembeleza. Bibi, hema litakuwa na pengo, mvua je? Nikamwambia wageni si chumvi, hawayeyuki.

"Bibi, tukubebe na kiti chako?" Berting huyo.

"Jaribu!"

Hakujaribu. Kaenda kuvuta sigara.

Sasa hivi Doray kafika. Siku moja kabla! Yuko langoni na kapu. Nywele zote nyeupe, hakuna aliyeniambia. Kamwambia Ningning, kwa sauti nisikie: "Mwambie dada nimekuja. Akisema nirudi, narudi." Kisha kainua macho, kaona matumba. Kapiga ukelele: "Nyie wanaume! Msiguse chungu hicho! Msikipumulie hata!"

"Yesu na Maria, wako wawili!" kasema Berting.

Watu wake wamecheka. Mimi sikucheka. Karibu nicheke.

Nimeyaangalia tena. Yamefumba. Rangi haionekani, labda kesho, labda keshokutwa. Ningejua rangi ningejua la kusema. Ningning kasimama kati yetu, anangoja nimpe jibu apeleke langoni.

Nimemwambia alete kiti cha pili.

Kakileta mbio, kakiweka kando yangu. Doray kakiona. Hajasogea. Namjua huyo, haingii mpaka aitwe, na aitwe na mimi, si na mtoto. Nimekohoa mara tatu. Watu wa hema wote wananitazama midomo. Basi, nafunga daftari, namwita mwenyewe.