Msuko wa Nyuma ya Sikio

Jumatatu, 3 Juni 1974

Cibalonza amenisuka leo. Saa tatu nzima, kichwa changu kati ya magoti yake. Kwa kawaida ananisimulia habari za mtaa wetu wote wa Nyawera, nani kaoa, nani kafukuzwa. Leo kimya. Nilidhani anamuwaza mume wake, amefungwa na wanajeshi tangu Pasaka.

Dhahabu ya tajiri, ya machimbo ya Shabunda, ameifunga kwenye plastiki, akaisukia ndani. Mwaka wa tatu huu. Yeye anasuka, mimi navuka daraja la mto Ruzizi na beseni la ndagala, visamaki vya ziwani, mtu wa tajiri ananingoja Cyangugu, upande wa Rwanda. Msuko upi umebeba, tunajua wawili tu. Hata tajiri hajui.

Alhamisi, 6 Juni

Nimerudi bila mali.

Mwanajeshi wa darajani hakugusa beseni. Hakuomba karatasi.

"Citoyenne, toa foulard."

Nikavua kitambaa.

"Fungula ile ya nyuma ya sikio. Ya kushoto."

Hakutafuta. Alijua. Akatia dhahabu mfukoni, akacheka, akanirudisha nyumbani kama mbuzi aliyepotea. Misuko mingine hakuigusa hata mmoja.

Wawili tu. Mimi sikusema.

Jioni

Nilienda kwake moja kwa moja. Mume wake yuko mezani, amekonda, anakula bugali na sombe. Ametoka kifungoni asubuhi ya leo.

Cibalonza aliniona, mwiko ukamponyoka.

"Umerudi?"

Si karibu. Si pole. Umerudi! Alijua wangeweza kunifunga, na bado alinisuka. Mama wa ubatizo wa binti yangu! Niligeuka, nikaondoka.

Ijumaa, 7 Juni

Tajiri anakuja kesho kuuliza mali yake. Mwaka jana mbebaji mmoja alitaja majina kwa wanajeshi. Alikutwa ziwani, maiti.

Tajiri si mjinga. Akiona msuko mmoja umefumuliwa na mingine yote imekaa sawa, ataelewa kuwa nimeuzwa. Ataniuliza nani alinisuka. Sina hata haja ya kumshtaki mtu. Kichwa changu kitasema chenyewe.

Nimekaa na kioo tangu asubuhi. Namchukia Cibalonza. Naandika wazi: namchukia. Ana watoto wanne.

Nimechukua makasi na wembe.

Jumamosi, 8 Juni

Amekuja. Hakuketi. Alikitazama kipara changu kwa muda mrefu.

"Ni nani alikufanya hivi?"

"Ni basoda, Papa. Balinyoa kichwa yote. Balitafuta kila fasi."

Ameamini kuwa ni wanajeshi walioninyoa. Amesema sitabeba tena, akaenda zake. Nimekaa sakafuni mpaka binti yangu akaniuliza kama ninaumwa.

Majirani wananipa pole. Wakiona kipara, wanadhani nimefiwa. Sijawakatalia.

Jumapili, 15 Desemba

Mvua tangu alfajiri. Baada ya misa Cibalonza alikuja mpaka mlangoni, kitana mkononi. Ni mara ya kwanza tangu siku ile.

"Nywele imeota," alisema.

Sikumkaribisha. Sikumfukuza. Alisimama kwenye matone, kisha akarudi alikotoka.

Nimejisuka mwenyewe, kioo kikiwa juu ya meza. Mbele imekaa vizuri. Nyuma mikono haifiki. Nimefunga kitambaa, nikaenda kupika.