Hukumu ya Fedha za Misiba

Jumatatu, 11 Agosti 2025
Wakili kapiga simu. Mahakama Kuu inatoa hukumu Ijumaa. Miaka mitatu tunangoja. Watu wa kodi wanashikilia kwamba fedha zilizokuwa kwenye akaunti ya marehemu mume wangu ni faida ya duka letu la vitambaa. Ilikuwa michango ya misiba — ya sisi Watanzania wa Durban, ya kusafirisha maiti nyumbani. Gadiel alikuwa mweka hazina tu. Ila jina kwenye akaunti lilikuwa lake, wakaizuia.

Jumatano, 13 Agosti
Nimesoma tena hati yangu ya kiapo. Nilitakiwa kumtaja kila aliyesafirishwa. Kumi na mmoja. Yeremia, kinyozi wa soko la Warwick, akiimba besi mpaka wateja wanasahau foleni. Irene, mwanafunzi — joho lake la mahafali tulilitia kwenye jeneza.
Sebule yetu siku hizo! Wanawake chini kwenye mikeka, pambio za Kinyakyusa, Gadiel mlangoni akipokea watu. Kulia tulilia, lakini hakuna aliyelia peke yake. Akaunti ilipozuiwa, watu wakaacha kuja.

Ijumaa, 15 Agosti
Tumeshinda. Jaji kasema anayewatunzia wenzake fedha hajapata kipato. Akaunti ifunguliwe.
Marie, jirani yangu Mkongo mwenye saluni, alinisindikiza. Kanikumbatia palepale. "Mama Atu, Mungu iko!"
Nikacheka, kisha nikamkumbuka mume wangu. Gadiel alifariki mwaka jana, akaunti ikiwa bado imezuiwa. Aliyewarudisha wenzake kumi na mmoja, tulimzika huku huku. Niliwaahidi ndugu zake: kesi ikiisha, tutamleta.

Jumapili, 17 Agosti
Josias, mdogo wake Gadiel, kapiga simu asubuhi kutoka Tukuyu. Wazee wameshakaa. Nafasi ipo, kando ya mama yao.
"Shemeji, sasa tuletee kaka."
Nikamwambia nitamjibu jioni.
Baada ya ibada nikaenda makaburini, kama kila Jumapili. Nikang'oa majani, nikampa habari za duka. Nilikwenda kumwambia anarudi nyumbani. Nikaishia kumwambia bei ya vitenge imepanda.
Ahadi niliitoa mwenyewe. Sikujua wakati ule kwamba nitazoea kuja kukaa naye. Duka liko hapa, siwezi kuliacha. Akienda, Jumapili nitakwenda wapi?
Jioni imefika. Josias anapiga. Simu inaita hapa mezani, nami bado naandika —