Maji Niliyompa kwa Siri

Makwale, Aprili 1912

Ugonile, Baba Yotamu? Sisi tumeamka salama. Mpunga umechanua, na mguu wa mama yako umepona.

Mwanao Yotamu aliharisha mno hata macho yakadidimia, akawa analia bila machozi. Mama yako akasema, "Asipewe maji, yatamzidishia kuhara." Akanipa dawa ya mizizi nimlambishe. Lakini kila alipokwenda shambani, nilimnywesha mtoto maji ya mchele yaliyochemka, yenye chumvi kidogo, kijiko kwa kijiko, nikamnyonyesha. Akakojoa. Sasa anatambaa.

Watu waliisifu dawa ya mama yako. Niliona haya kumuumbua mkwe wangu, nikanyamaza.

Kisha mtoto wa jirani yetu Neli akashikwa na tumbo lile lile. Neli alikuja kuomba dawa, akaambiwa naye asimpe mtoto maji. Nilikuwa papo hapo nachambua mboga, nisiseme neno. Jumamosi tulimzika mtoto wake.

Jana nilishindwa kuvumilia. Nilimfuata Neli migombani, nikamweleza yote. Nilidhani atanipiga. Aliniuliza tu, "Siku ile nilipokuja kuomba dawa, tulikwenda mtoni pamoja, wawili tu, Tusekile. Mbona hukuninong'oneza?"

Mama yako bado hajui. Nitamwambia leo, maana watoto wengine wanaugua. Akinifukuza, utanikuta kwa baba yangu.

Mkeo mwenye aibu,
Tusekile